Mota ya Kaseti, Kilima cha Kadutu

Kwetu Bunyakiri, mashariki mwa Kongo, mota ilitoka kwenye redio kaseti iliyokufa. Wakubwa wakishakata tamaa nayo, sisi watoto tuliichukua tukaifungua kwa kisu. Mota yenyewe ilikuwa ya duara, imeandikwa ubavuni volti 6, mizunguko 2,400 kwa dakika. Tuliifunga kwenye gari la mianzi lenye magurudumu ya kandambili, mpira wa kaseti ukizungusha ekseli. Nyaya mbili ndefu zilitoka garini hadi kwenye mawe ya redio, yaani betri, yaliyokuwa mkononi mwa dereva, naye alikimbia nyuma ya gari. Kuzigusanisha ndiyo kwenda, kuziachanisha ndiyo kusimama.

Jambo moja lilitushangaza sana. Tuliongeza mawe, kutoka manne hadi sita, na gari halikuongeza mwendo. Kaka yangu ndiye aliyebandua kifuniko cha mota. Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha sakiti, kazi yake kushikilia mwendo uleule hata mawe yakiwa mapya au yamechoka, maana utepe ukienda mbio sauti ya mwimbaji huwa nyembamba kama ya ndege. Akakiruka kile kibao, akaunganisha nyaya moja kwa moja kwenye brashi, na gari likatutoroka hadi mferejini. Nadhani ndipo nilipoanza kuliona jambo hili: mota na kidhibiti chake viliundwa pamoja kwa kazi moja, ya kuvuta utepe, na sisi tulikuwa tumevipa kazi nyingine.

Mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda ghafla, na watu wakaingia kuchimba hadi ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Madini hayo hutoa tantali, ya kutengenezea kapasita ndogo za simu na kompyuta. Fedha ikafuatwa na bidhaa, yakiwemo magari ya plastiki ya rimoti. Hayo hayakuwa na mwendo wa kati: kasi yote, au kimya. Sakafuni yalipendeza; kwenye mawe ya barabara yetu hayakudumu.

Magari ya rimoti yenye kidhibiti hasa niliyakuta Bukavu, nilipoingia kwenye ufundi wa simu. Kampuni ya Kijapani ya Tamiya ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, na magari ya zama zile yalipunguza mwendo kwa mkono mdogo uliotelezeshwa juu ya vipinga. Umeme usiotakiwa uliishia kuwa joto. Baadaye zikaja transista zinazofungua na kufunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na gari likaweza kutambaa.

Hapo ndipo kulinganisha mota na kidhibiti kukawa lazima. Kijana mmoja alileta gari la mtumba lililotoka na mota ya 27T, yaani waya umezungushwa mara 27 kwenye kila mkono wa rota. Alikuwa ameweka ya 12T. Mizunguko ya waya ikipungua, mota hukimbia zaidi na hula ampea nyingi zaidi, na kidhibiti chake kiliandikwa kisishuke chini ya 20T.

“Papa, kwenye tambarare ilienda muzuri kabisa,” aliniambia.

Nilimwamini. Lakini gari lilikuwa limepanda kilima cha Kadutu, hapohapo Bukavu. Mota inayolemewa huzunguka polepole, na kadiri inavyozunguka polepole ndivyo inavyovuta umeme mwingi. Ikikwama kabisa huvuta kuliko wakati wowote. Transista mbili zilikuwa zimetoboka, na harufu yake ilijaa kibandani. Nilimweleza ninachowaeleza wote: kiasi cha ampea huamuliwa na mota na mzigo wake. Kidhibiti chenye uwezo mkubwa hakiidhuru mota. Kilicho kidogo ndicho kinachoungua.

Siku hizi wanakuja na mota zisizo na brashi, nyaya tatu badala ya mbili, na maandishi ya Kv, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Hesabu yake ni nyepesi: Kv 3,500 kwa betri ya volti 7.4 ni mizunguko 25,900 kwa dakika bila mzigo. Ukiipa volti 11.1 inafika 38,850, na hapo vijana hutabasamu. Mimi huwarudisha kwenye gia. Kwa milima yetu heri Kv ndogo na gia ndogo ya mota, hata kama gari litashindwa mbio uwanjani. Betri nayo ihesabiwe: seli zilizotolewa kwenye kompyuta za mkononi hazikuundwa kutoa ampea nyingi kwa mara moja, kwa hiyo volti huporomoka na kidhibiti huzima njiani.

Wa Bunyakiri nawashauri watafute mota yenye vihisi, pamoja na kidhibiti kinachovisoma. Isiyo navyo hujulisha kidhibiti mahali rota ilipo ikiwa tayari inazunguka tu; kwenye jiwe, kutoka kusimama, hutetemeka ikisita huku ikila ampea. Yenye vihisi huanza kupanda taratibu, gurudumu moja baada ya jingine.