Mizani ya Gari la Moshi

Msomaji, kama umepata kulala ndani ya gari la moshi la Reli ya Kati, wajua kwamba halina kimya. Reli ile, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Tabora mwaka 1912, ni vyuma virefu vilivyoungwa ncha kwa ncha. Penye kiungo huachwa mwanya mdogo, kwa kuwa chuma hutanuka kwa joto la jua. Gurudumu likipita hapo hugonga. Na kwa kuwa magurudumu hufuatana mawili mawili, mlio nao huja mara mbili, hutulia kidogo, huja tena mara mbili. Usiku kucha ni hivyo.

Mwaka mmoja nilipata habari kwamba mama ni mgonjwa, niende Tabora upesi. Tulipoiacha Morogoro giza lilikwisha kuingia. Usingizi sikuupata. Mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa akinong'ona na kukunja vidole, nikadhani anahesabu fedha zake. Kumbe anatunga! "Mwanangu," akasema, "mshororo wa shairi una mizani 16: 8, kituo, tena 8. Sikiliza huko chini. Gari lanipigia ngoma, mimi natia maneno tu."

Nikasikiliza. Nikakumbuka kinu cha nyumbani, mama na shangazi wakitwanga kwa kupokezana, mchi huu ukipanda na ule ukishuka, nasi watoto tukijua kwa mlio tu kama unga u karibu. Mimi si mtungaji. Vina vilinishinda hata kabla ya Dodoma. Lakini hesabu ile ilinishika mkono mpaka kukapambazuka.

Siku hizi liko gari la umeme, lililoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Lenda mbio sana, na vyuma vya reli yake vimechomelewa vikawa kama kimoja. Raha yake siikatai. Ila mzee yule akilipanda, itambidi ajipigie ngoma mwenyewe.

Tabora nilifika jioni. Nikashika njia ya nyumbani nimetega sikio, nisisikie mchi. Nilipofika nyuma ya jiko ndipo niliposikia: cha, cha, kimya kidogo, cha, cha. Mama ameketi mkekani, amejifunika shuka, ungo mikononi, anapepeta mchele.