Niliwaambia JavaScript Hujisafisha Yenyewe. Naomba Radhi

Kuna video yangu moja ambayo wengi wenu mlinijulia hapo. Ile nimevaa hudi nyeusi, nasema: "Buda, kwa C unafagia memori mwenyewe. JavaScript iko na mzoa taka wake. Wewe andika, ukalale." Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote mpaka leo, na ni ya uongo. Si uongo mzima, ni ule wa nusu nusu. Huo ndio mbaya, kwa sababu unafanya kazi mpaka siku unakataa.

Sikugundua kwa kusoma. Niligundua kwa kufokewa jikoni.

Kuna mama mwenye hoteli huku mtaani aliyenipa kazi. Wahudumu wake huandika oda kwa kikaratasi, wanakipeleka jikoni, kinalowa supu, mpishi anasoma "chapo mbili" kama "chapo nne". Nikamwambia, mathe, nitakutengenezea kitu. Mhudumu apige kikaratasi picha kwa simu, oda itokee kwa tableti iliyotundikwa jikoni, na kila oda iwe na saa yake ya kuhesabu mteja amengoja dakika ngapi. Zikifika 15, kadi inageuka nyekundu. Tukaelewana 12,000, nusu mbele. Hiyo nusu ililipa nyumba siku hiyo hiyo.

Asubuhi kila kitu poa. Saa saba mchana, watu wakijaa, tableti inaganda. Mpishi anagusa, haijibu. Wanaizima, wanaiwasha, inakuwa sawa, saa tisa inaganda tena. Siku ya tatu mama akanipigia: "Kijana wangu, hiki kitu kifanye kazi ama unirudishie pesa." Pesa gani sasa? Halafu kuna mamangu, ambaye tangu nitoke chuo mwaka wa pili (ni karo, sikuasi) nimekuwa nikimwambia hii kazi itanilisha.

Wacha nieleze shida ilikuwa wapi.

Kwa JavaScript, ukiandika fankisheni ndani ya fankisheni nyingine, ile ya ndani inashika vitu inavyotumia kutoka nje, hata kama ile ya nje ilimaliza kazi zamani. Hiyo ndiyo klosha. Ni kama mpangaji aliyehama ploti lakini bado ana ufunguo. Nyumba haina mtu, ila keateka hawezi kumpa mwingine. Klosha si kosa. Bila hiyo huwezi kufanya kitu cha maana kwa hii lugha. Shida ni kwamba unapeana funguo bila kuhesabu.

Na mzoa taka? Hapo ndipo nilipowadanganya. Yeye hajui unahitaji nini. Anajua tu kitu gani kinafikika. Anaanzia kwenye mizizi: dirisha la brauza, kazi inayoendeshwa saa hiyo, saa zilizotegwa. Anafuata kamba kutoka kitu hadi kitu. Kila anachofikia kinabaki, asichofikia kinafagiliwa. Wazo hilo si geni. John McCarthy alilieleza mwaka 1960 alipoandika kuhusu Lisp. Zaidi ya miaka 60, na mimi nikaamka nikasema kwa video ati ni uchawi.

Basi kila oda kwangu ilikuwa na `setInterval` yake ya kuhesabu dakika. Mpishi akimaliza, anagusa kadi, kadi inatoka kwa skrini. Nami nilidhani imeisha. Lakini ile saa sikuizima. Iliendelea kuhesabu dakika za chapo zilizoliwa kitambo. Saa inashika klosha. Klosha inashika kadi. Kadi ina kitufe cha kukuza picha, kitufe kina klosha yake, na hiyo inashika picha nzima ya kikaratasi. Oda 100, picha 100, kwa tableti ya bei ya chini. Haigandi vipi?

Sasa kabla sijajua hayo, nilifanya kitu cha ujinga zaidi. Nilisikia kuna `WeakRef`, ambayo iliingia kwa JavaScript mwaka 2021. Ni kiungo dhaifu: kinakuonyesha kitu bila kukishika, kwa hivyo mzoa taka akitaka kukibeba, anabeba. Nikaona, si hii ndiyo dawa! Nikafungia oda zote ndani ya `WeakRef`. Nikajaribu kwa laptopu yangu usiku, ikaenda vizuri kabisa. Nikalala kama mfalme.

Kesho yake saa saba na nusu, simu. Mpishi mwenyewe: "Kijana, mashine yako imekula oda ya meza nne."

Na kweli ilikuwa imekula. Skrini inaonyesha kadi nane tu, zingine zinangoja kwa foleni. Zile za foleni hakuna kitu kingine kilichozishika isipokuwa kiungo changu dhaifu. Mzoa taka akapita, akaona hakuna kamba ya maana, akabeba matumbo na ugali ya watu waliokuwa wamekaa pale wakingoja. Kwa laptopu haikutokea kwa sababu kulikuwa na nafasi tele, hakuharakisha kupita. Huwezi kujua atapita lini. Watu waliotengeneza hiyo kitu wenyewe wanashauri uiepuke kama unaweza. Nilikuwa nimeruka hiyo sehemu, kama kawaida yangu.

Jioni nikaenda jikoni na laptopu, nikaketi juu ya gunia la viazi, nikaiunganisha tableti kwa waya. Nikafungua vifaa vya Chrome upande wa memori, nikapiga picha ya kila kitu kilichokuwa ndani, nikatafuta neno "Detached". Mamia ya kadi ambazo hazikuwa kwa skrini. Ukibonyeza moja, inakuonyesha chini nani anaishika, kamba kwa kamba, mpaka kwa saa niliyotega mimi. Sikuwa na wa kulaumu. Mama akaniletea chai, hakusema kitu.

Marekebisho yalikuwa mistari michache. Nikatoa saa zote, nikaweka moja tu inayopitia kadi zilizo kwa skrini. Oda za foleni nikazirudisha kwa orodha ya kawaida inayozishika kwa nguvu. Na zile habari ndogo za kila kadi, kama iliingia saa ngapi, nikaziweka kwa `WeakMap`. Hiyo inafanya kiungo dhaifu kiwe na adabu: mradi kadi iko, habari zake ziko, kadi ikiachwa na kila mtu, habari zinaenda nayo. Ila huwezi kuuliza `WeakMap` ikuorodheshee vilivyo ndani. Haina hiyo orodha, kwa sababu jibu lingetegemea mzoa taka alipita lini.

Kuna msee aliniambia, "Ungebaki chuo ungefunzwa hiyo." Labda. Somo lenyewe lilikuwa la mwaka wa tatu. Lakini rafiki yangu aliyemaliza nilimwonyesha ile programu ya kwanza, akaniambia iko sawa.

Tableti sasa inakaa wiki nzima bila kuzimwa. Zile 6,000 zingine ziliingia Ijumaa. Jumamosi mpishi akapiga tena, nikashtuka, kumbe chaja imeangukia kwa sufuria ya maharagwe.

Ile video naifuta leo usiku. Inauma, maana ndiyo iliwaleta nusu yenu hapa. Wenye wanataka kuiona mara ya mwisho, mko na mpaka saa nne.