Tulisoma Mpaka Aya ya Kumi

Kila muhula mpya unapoanza, huwa nasubiri swali moja. Wanafunzi wa kiume hulileta ofisini wakisema kwanza kwamba wanamuulizia rafiki yao. Wa kike huliandika kwenye karatasi na kuliweka mezani baada ya semina. Wanachotaka kujua ni hiki: punyeto ni dhambi, na kama ni dhambi, Biblia inasema wapi?

Mimi si mwanatheolojia. Nafundisha sayansi ya jamii. Lakini wanafunzi wanajua nilikozaliwa. Mtu wa Mwazye, katika uwanda wa juu wa Ufipa, hudhaniwa kuwa ana jibu la Kanisa mfukoni. Dhana hiyo ina msingi. Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kazi yao ikaenea kutoka ziwani hadi uwandani. Baada ya vizazi vichache Ufipa ikawa miongoni mwa sehemu zenye Wakatoliki wengi zaidi katika nchi yetu. Mwazye yenyewe ndiko alikozaliwa, mwaka 1944, Polycarp Pengo, aliyesomea theolojia ya maadili huko Roma, akaifundisha seminarini, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam na Kardinali. Kwa hiyo maadili ya Kikristo kwetu si habari iliyotoka mbali ikaishia kwenye mimbari. Tumeyapokea, na tumetoa walimu wa kuyafundisha kwa wengine.

Kwa sababu hiyo hiyo sina budi kulijibu swali hili kwa makini. Sitaki kubomoa kile nilicholelewa nacho. Nataka tuulize kama tulikisoma chote.

Katika mafundisho ya utoto wetu, kabla ya Komunyo ya kwanza na baadaye kabla ya kipaimara, Amri ya Sita ilipitwa haraka. Mwalimu wa dini alishusha sauti, akataja neno "uchafu", kisha akamtaja Onani: alimwaga mbegu chini, Mungu akamuua. Somo likaishia hapo. Watoto tulitoka na hofu, na hofu hiyo ikaongezewa na wakubwa wetu njiani: utapofuka, utakonda, hutazaa. Hakuna aliyeuliza Onani alikuwa na nani siku hiyo.

Alikuwa na mwanamke. Jina lake ni Tamari.

Ndugu msomaji, fungua Mwanzo, sura ya 38, uisome bila haraka. Yuda alimwoza mwanawe wa kwanza, Eri, kwa Tamari. Eri akafa bila mtoto. Kwa desturi ya wakati ule, ambayo baadaye iliandikwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, ndugu wa marehemu alipaswa kumwoa mjane na kumpatia marehemu mrithi. Onani alijua kwamba mtoto atakayezaliwa hatahesabiwa kuwa wake. Mtoto huyo angesimama mahali pa kaka yake mkubwa, pamoja na haki za mzaliwa wa kwanza. Basi kila alipoingia kwa Tamari alimwaga mbegu chini, ili asimpe ndugu yake uzao. Hatuna hapa kijana aliye peke yake chumbani. Tuna mwanamume anayeutumia mwili wa mjane huku akimnyima lile pekee ambalo lingemlinda uzeeni, yaani mtoto na urithi.

Nawajibika kusema kwamba mapokeo ya Kanisa hayakuishia hapo. Agostino alikisoma kisa hiki kama onyo dhidi ya kuzuia uzazi katika tendo la ndoa, na Papa Pio wa 11 alimrejelea katika waraka wake *Casti Connubii* wa mwaka 1930. Hoja ya wanaokisoma kisa hiki hivyo ina uzito: Torati ilimwadhibu kwa aibu tu mwanamume aliyekataa kumwoa mjane wa nduguye, si kwa kifo, basi kosa la Onani lazima liwe zaidi ya kukataa. Nakubali kwamba ni zaidi. Aliyekataa waziwazi alivuliwa kiatu na kutemewa mate mbele ya wazee, na mjane akabaki huru. Onani hakukataa waziwazi. Alikubali mbele ya watu, akadhulumu mlango ukiwa umefungwa. Alichukua mwili na kuacha wajibu. Kama kuna neno la Kiswahili linalomfaa, ni dhuluma.

Je, kuna aya nyingine inayotaja punyeto kwa jina? Hakuna. Mambo ya Walawi sura ya 15 inazungumzia mwanamume anayetokwa na mbegu: aoge, afue nguo, na awe najisi hadi jioni. Haidai sadaka, na agizo hilo hilo linawahusu mume na mke waliolala pamoja. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, Paulo anatumia neno la Kigiriki ambalo maana yake ya msingi ni "laini". Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilihusisha na punyeto. Wafasiri wengi wa leo hawalisomi hivyo.

Lakini Biblia kutotaja jambo kwa jina hakuna maana kwamba haina la kusema. Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anaupeleka uzinzi moyoni, kwenye jicho linalomtazama mwanamke kwa kumtamani. Angalia mzigo anamtwika nani. Hamwambii mwanamke abadilishe vazi lake. Anamwambia mtazamaji ashughulikie jicho lake. Paulo naye anawakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho, na kwamba kitu kuwa halali hakukifanyi kiwe bwana wa mtu. Hapo ndipo Mkristo hupata maswali yanayofaa kuulizwa: ninapofanya hili, ninamtazama nani, na kwa jicho gani? Je, ninalitawala au linanitawala? Katika zama hizi ambapo picha za ngono zimo kwenye simu ya kila kijana, na baadhi ya wanawake walio katika picha hizo wamelazimishwa au wamedanganywa, maswali hayo ni mazito kuliko kisa cha mbegu kumwagika.

Hofu ya kupofuka na kukosa nguvu haikutoka katika Biblia. Ilienezwa na vitabu vya Ulaya vya karne ya 18, kikiwamo kile cha daktari Mswisi Samuel-Auguste Tissot, kilichotolewa kwa Kifaransa mwaka 1760, kilichodai kwamba punyeto huleta magonjwa ya kila aina hadi kifo. Sayansi ya tiba imekwisha kuyaacha madai hayo: punyeto haipofushi, haileti wazimu, wala haiharibu uzazi. Lakini hofu ina soko. Leo kijana wa Sumbawanga hukutana na tangazo la dawa ya kutibu "athari za punyeto", lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme au lililotumwa kwenye simu yake, na hutoa fedha ya matumizi kununua unga asioujua. Kanisa linaponyamaza, muuza dawa huhubiri.

Na Kanisa lenyewe, likisomwa vizuri, limesema kwa upole kuliko wengi wetu tulivyofundishwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2352, inalishika fundisho la kale kwamba tendo hili kwa asili yake ni kosa zito. Katika namba hiyo hiyo, inaagiza kwamba anayehukumu uwajibikaji wa mtu azingatie kutokomaa kwa hisia, nguvu ya mazoea, wasiwasi na mambo mengine yanayoweza kupunguza sana hatia yake. Kwa Waprotestanti hakuna sauti moja. Wako wachungaji wanaolihesabu kuwa dhambi kwa sababu ya fundisho la Yesu juu ya tamaa, na wako wanaoliacha mikononi mwa dhamiri kwa kuwa Maandiko hayakulitaja. Mwanafunzi anayeniuliza ana haki ya kupewa haya yote, si nusu yake ya kutisha peke yake.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni mahali pale somo letu lilipokatika. Mwanzo 38 ina aya 30. Onani anakufa katika aya ya 10. Zinabaki aya 20, na karibu zote zinamhusu Tamari.

Baada ya Onani kufa, Yuda alimrudisha Tamari kwa baba yake, kwa ahadi kwamba atamwoza mwanawe wa tatu, Shela, akikua. Shela akakua, ahadi haikutimizwa. Tamari akajifunika uso, akaketi njiani, na Yuda akamwendea akidhani ni kahaba. Miezi mitatu baadaye akaambiwa kwamba mkwewe ana mimba. Yuda akaamuru achomwe moto. Ndipo Tamari akatoa muhuri, kamba na fimbo ya mwenye mimba, na Yuda akakiri kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Mathayo, alipoandika ukoo wa Yesu, alimtaja Tamari kwa jina katika sura ya kwanza kabisa.

Tungefundishwa aya hizo 20 utotoni, sijui kama tungekuwa na jamii ile ile. Kwa miaka mingi, msichana wa shule aliyepata mimba aliondolewa darasani, na njia ya kurudi katika mfumo rasmi ilifunguliwa Novemba 2021. Katika miaka hiyo, ni nani aliyeulizia muhuri na fimbo? Sheria ya mwaka 2016 iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini sote tunafahamu kesi ambazo humalizwa nyumbani, wazee wakiketi pamoja, binti akiwa jikoni. Yuda bado ana watetezi wengi. Tamari huhukumiwa kwa tumbo lake, kwa sababu tumbo huonekana.

Au tuwatazame wajane. Matangazo ya Serikali namba 279 na 436 ya mwaka 1963, yaliyoandika sheria za mila kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, yalimnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, yakaweka pia utaratibu wa mjane kurithiwa na ndugu wa mume. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za namna hiyo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili Watanzania, kwamba nchi yetu ilikiuka haki zao. Wajane hao walipoteza nyumba walizokuwa wakiishi na waume zao.

Hao ndio Tamari wetu, na walio karibu na Onani ni wale wanaokuja msibani na lori. Mtu anaweza kukaa kanisani miaka 40 akisikia kwamba Onani aliuawa kwa sababu ya mbegu, asisikie hata mara moja kwamba kisa hicho kilianza na mjane aliyenyimwa haki yake. Tumeibana dhambi ya mwili ikawa ya kijana aliye peke yake, asiye na wa kumtetea, na tukaiacha wazi milango ya watu wazima wenye mali, vyeo na wadhamini.

Wako watakaosema nazungumzia urithi ili kukwepa swali la usafi wa moyo. La. Namwambia kila mwanafunzi anayeniuliza kwamba kujitawala ni fadhila, na kwamba mazoea yanayomfungia mtu chumbani mbali na watu yanastahili kushughulikiwa, ikibidi kwa msaada wa padri, mchungaji au mshauri anayejua kusikiliza. Lakini namwambia pia kwamba katika Biblia usafi wa moyo haujapata kutenganishwa na haki. Manabii waliokemea uzinzi ndio waliokemea kunyang'anywa kwa wajane, mara nyingi katika hotuba moja.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa walimu wa dini na wachungaji: fundisheni Mwanzo 38 yote, na mwambieni kijana ukweli kuhusu mwili wake bila kumtisha kwa magonjwa ambayo hayapo. Kwa wazazi: mtoto asiyesikia kwenu atasikia kwenye simu, na simu haina huruma. Na kwa watumishi wa umma, ambao najua mnasoma ukurasa huu: mjane akifika ofisini na karatasi zake, na binti wa shule akifika na tumbo lake, ulizeni swali aliloulizwa Yuda. Muhuri huu ni wa nani?

Anayeona aibu kulijadili suala hili hadharani namwelewa. Nami nimelelewa katika aibu hiyo. Ila aibu yetu imemlinda Yuda kwa muda mrefu mno.