Ua wa miti, au pistole chini ya godoro?

Mwezi wa tatu mwaka 2025, parsele yetu ilikuwa wazi kama uwanja wa mpira. Ua wa mbao tuliokuwa nao tuliuchoma wenyewe jikoni, ubao mmoja baada ya mwingine, zile siku za mwisho wa Januari ambapo makala hayakupatikana na hakuna aliyethubutu kwenda sokoni. Mbao mbili zilizobaki zilikuwa na matundu ya risasi. Tarehe 27 Januari wapiganaji wa M23 waliingia mjini Goma, na kila mmoja wetu anakumbuka alikuwa amelala sakafu gani siku hizo.

Mwezi wa pili kambi za wakimbizi wa ndani zikavunjwa. Mama mdogo wangu, aliyekuwa amehama kutoka Masisi na kukaa kambini Rusayo, akafika kwetu na watoto na wajukuu, bashi moja na sufuria mbili. Tukawa watu kumi na watatu. Chakula tuligawana, nafasi ya kulala tukabanana. Jambo lililotushinda lilikuwa kuoga.

Mama mdogo alianza kuamka saa kumi za alfajiri aoge gizani. Wasichana walioga kwa zamu, mmoja akimshikia mwenzake kitenge. Siku moja akaniambia: "Mwanangu, kule kambini nilioga nyuma ya bashi. Sasa niko kwa mtoto wangu, naoga mbele ya barabara." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Bashi lenyewe lilikuwa limeziba paa lililotobolewa, kwa hiyo hatukuweza kulitoa.

Hofu ya pili ilikuwa ya usiku. Ninyi mnaosoma mkiwa hapa mjini hamhitaji kuelezwa. Silaha nyingi zilitupwa barabarani na kwenye mitaro watu walipokuwa wakikimbia, na si zote ziliokotwa na wenye mamlaka. Karibu kila usiku tulisikia mlio, kisha kilio, kisha kimya. Asubuhi tunaambiwa ni avenyu gani.

Wiki hiyo hiyo nikaletewa dawa mbili. Mzee mmoja wa avenyu yetu, mwenye kitalu cha miche, alisema: "Panda miti, mvua ndiyo hii inaanza." Na kijana mmoja niliyemfahamu tangu utoto wake alinivuta pembeni akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na pistole. Bei aliyotaja ilikuwa chini ya bei ya simu yangu.

Sitawadanganya: niliishika. Ni nzito kuliko inavyoonekana kwenye filamu. Nilimwambia anipe siku mbili nifikiri. Usiku huo nililala nikipiga hesabu: nitaiweka wapi? Chini ya godoro, watoto wanarukaruka juu yake. Juu ya dari, wezi wakifika nitaomba ngazi? Nikiifungia sandukuni, ufunguo nitautafuta gizani huku mlango unavunjwa. Nikiiweka karibu na mkono wangu, basi iko karibu na mkono wa kila mtoto pia.

Tena kuna msako. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 1985 kuhusu silaha inamkataza raia kuwa na silaha ya moto bila kibali. Na kwa hali ya sasa, mwanaume akikutwa na pistole ndani ya nyumba, nani atamsikiliza akisema ni ya kujilinda na wezi? Ataitwa adui na upande wowote utakaomkuta nayo.

Hata hivyo nilikuwa bado sijakataa. Mtu mwenye hofu huona hoja zote nzuri, kisha hurudi palepale.

Siku ya pili, mjukuu wa mama mdogo, mtoto wa miaka minane, aliingia ndani na kopo la maziwa lililojaa. Alikuwa anakusanya maganda ya risasi. Alisema kuna kijana kwenye gereji ya pikipiki anayanunua kwa pipi, kwa sababu ameona kwenye simu jinsi Wamarekani wanavyoyajaza upya nyumbani, na yeye atajaribu.

Ni kweli kwamba Marekani wapo watu wanaojaza maganda wenyewe. Wana mashine ya kazi hiyo, wana mizani ya kupimia baruti kidogo kidogo, na wanaweka fataki mpya kwenye kitako cha ganda. Hata wao huonywa kwamba kosa dogo la kipimo linaweza kuipasua bunduki mkononi mwa mwenyewe. Isitoshe, maganda ya risasi za kalashi tunayookota huku mara nyingi ni ya chuma, yaliyotengenezwa yatumike mara moja yaishe. Wazee wetu wanakumbuka bunduki za pupu, zile za wahunzi wa vijijini, na wanawakumbuka pia wawindaji waliorudi kutoka msituni wakiwa wamepoteza vidole. Kijana wa gereji hana mizani wala fataki. Ana moto na koleo.

Lakini kilichonifanya nisimame ghafla hakikuwa hayo. Juu ya maganda matupu kulikuwa na risasi nzima tano, na kando yake kidude kifupi chenye pete. Ni kichwa cha bomu la mkono.

Mimi ndiye ninayesoma matangazo redioni: "Ukiona kitu usichokijua, usikiguse, usikisogeze, weka alama, wajulishe wahusika." Nimeyasoma asubuhi na jioni, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kumbe kopo lilikuwa chini ya kitanda cha nyumba yangu siku nne. Mtoto alikuwa amenisikia redioni. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba tangazo lilisema juu ya mabomu, na yeye hakuokota bomu, aliokota "chuma".

Nilimwambia aliweke chini taratibu pale pale aliposimama, tukatoka wote. Tulizungushia nyumba mawe, tukamwita shefu wa avenyu, tukalala kwa majirani mpaka mafundi wa kutegua mabomu walipofika siku ya tatu. Waliondoka nalo. Mmoja wao alinifundisha namna ya kusema na watoto, nami nawapa ninyi: usiseme "bomu", sema "chuma chochote usichokijua". Na usimpige mtoto anayekuletea habari, maana kesho hatakuletea, atakificha.

Jioni hiyo nilimwambia yule kijana kwamba sinunui. Nilijaribu kumshawishi aisalimishe. Nilimkumbusha Katanga, miaka ya 2000, jinsi shirika la PAREC la Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilivyowapa watu baiskeli badala ya bunduki zao. Akacheka, akaniuliza: "Leo baiskeli ziko wapi?" Sikuwa na jibu. Aliondoka na kitambaa chake. Najua pistole ile iko mahali fulani katika mji huu, na jambo hilo halinipi amani.

Basi tukageukia miti. Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu wengi mmeniuliza nilipanda nini na kwa nini.

Kwanza mahali. Nyumba yetu imesimama juu ya mawe ya Nyiragongo ya mwaka 2002. Huwezi kuchimba kwa jembe. Tulitumia baramina, tukapasua mashimo ya kina cha goti, upana wa ndoo, tukayajaza udongo mweusi ulioletwa kwa chukudu pamoja na majivu ya jikoni na maganda ya viazi. Katika kuchimba tulipata risasi nyingine mbili, tukasimamisha kazi mara zote mbili. Chimbeni polepole.

Pili miti yenyewe. Mkaratusi niliukataa. Unakua haraka na unatoa nguzo, lakini ukishapanda juu unaacha shina tupu chini, pale pale tunapotaka kujificha, na unakunywa maji mengi. Sipre ni ua mzuri, mnene, wa kijani mwaka mzima. Ila unataka subira ya miaka, na ukiukata ndani mpaka kwenye tawi kavu la kahawia hauchipui tena. Nilipanda michache upande wa jirani, hatua moja kati ya mche na mche. Grevilea nilipanda mmoja tu kwa kivuli, maana majani yake hayazibi chini.

Muyenzi, ambao wengine wanauita mnyaa, unapandwa kwa kipande tu, unavumilia mawe na jua, na mbuzi hawaugusi. Lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari kubwa. Niliupanda nyuma kabisa ambako watoto hawachezi, na anayeukata ni mtu mzima, kisha ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika uso.

Kwa bafu la wanawake hatukuweza kusubiri miaka. Tulisimamisha fito, tukapanda marakuja mizizini mwake na alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano inayojiotea kando ya barabara. Alizeti mwitu inashika kwa kipande cha shina, na majani yake ni mbolea. Tulitandika viroba vya zamani kwenye fito wakati tunangoja. Kufikia mwezi wa nane viroba vilitolewa: majani yalikuwa yameziba. Mama mdogo sasa anaoga jua likiwa limechomoza, tena anaimba.

Tatu, urefu, na hapa ndipo nilipojifunza jambo kubwa. Nilitaka nizungushe kila upande miti mirefu, tusionekane kabisa. Mzee wa kitalu akanikataza. "Usipoonekana wewe," alisema, "na mwizi akiingia kwako haonekani." Akanishauri nizibe bafu na choo juu hadi kichwani, lakini upande wa barabara miti ikatwe ifike kifuani, na mlango wa mbele uonekane kutoka kwa majirani wawili. Heshima ya mwili ifichwe, mlango usifichwe.

Mwezi wa tano tulipata jibu lake. Saa saba za usiku watu watatu waliingia, angalau mmoja akiwa na bunduki. Jirani wa ng'ambo aliwaona wakiruka, akapiga filimbi. Filimbi ya pili ikaitika, ya tatu, kisha sufuria na vifuniko avenyu nzima. Walifyatua risasi moja hewani, wakachukua bido tatu na redio yangu ndogo, wakaondoka. Sisi tulikuwa sakafuni, nyuma ya msingi wa mawe. Nimejiuliza mara nyingi: kama ningekuwa na pistole usiku ule, ningebaki sakafuni? Sidhani. Na ile risasi ya hewani isingekwenda hewani.

Sisemi miti inalinda. Hakuna jani linalozuia risasi, hata ubao hauzuii, tumeona. Wapo waliopiga filimbi wakauawa vilevile, na familia zao zinanisikiliza. Sina haki ya kuwaambia kwamba kuna njia salama. Ninachosema ni hiki: pistole ingenitaka niwafiche majirani siri, na majirani ndio ulinzi pekee niliobaki nao. Ua wa miti ulinitaka niwaombe udongo, vipande na baramina. Tulipomaliza kupanda, kwa mara ya kwanza nilijua majina ya watu wote wa nyumba sita zinazotuzunguka.

Mama mdogo anajiandaa kurudi Masisi kuangalia shamba lake. Waliotangulia wamemwambia ua zote zilikatwa kwa kuni na watu wanagombana mipaka, kila mmoja akionyesha kwa kidole hewani. Lakini kwa jirani yake mmoja visiki vya muyenzi vilichipua tena, vyote kwenye mstari ule ule wa zamani, na ugomvi ukaisha bila mtu kuitwa na shefu. Kwa hiyo ameniomba vipande arobaini. Nimevikata na kuvilaza kivulini siku kadhaa maziwa yakauke, nikavifunga kwenye kiroba na kuandika juu yake kwa makala: "Msishike macho."

Mjukuu ndiye atakayekibeba kiroba. Kabla hajakigusa aliniuliza ndani kuna nini, nikafungua, nikamwonyesha.