Nilimwadhibu Mwanangu Bure

Akina mama wenzangu, nataka kuwasimulia kosa nililofanya ili nanyi msilirudie.

Mwaka jana mimi na baba watoto tulinunua ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani bila waya, yaani waifai. Mara kifurushi cha mwezi kikaanza kuisha katika wiki ya pili. Nilimshuku kifungua mimba wetu. Nikamwambia kwamba anakesha akitazama filamu. Alikana, lakini sikumsikiliza. Nilimnyang'anya simu nikaifungia kabatini. Siku zilipita bila yeye kunisemesha ila kunisalimu tu.

Lakini hata simu ikiwa kabatini, kifurushi kilizidi kuyeyuka. Hapo nilishtuka, nikamwita mdogo wangu aliye fundi wa kompyuta. Alifungua mipangilio ya ruta yetu kwa kuandika 192.168.1.1, akanionyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Sisi tuna simu tatu na kompyuta moja. Orodha ilikuwa na vifaa 11! Nenosiri letu lilikuwa namba yangu ya simu, ambayo mtaa mzima unaijua.

Jioni ile tulirekebisha mambo. Kwanza, tulibadili nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio, kwa sababu lile la kiwandani mara nyingi hujulikana na wengi. Pili, tulichagua ulinzi wa WPA2, uliotoka mwaka 2004. Ruta mpya zina WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, nayo ni bora zaidi. Ule wa zamani, WEP, usiutumie kabisa. Wataalamu waliuvunja tangu 2001. Tatu, tuliweka nenosiri jipya la waifai. Huruhusiwa herufi 8 hadi 63, na refu ndilo gumu kukisiwa. Nne, tulifungua mtandao wa wageni wenye nenosiri lake, ili mgeni asinyimwe wala asipewe la kwetu.

Kisha nilimwita mwanangu, nikamwomba msamaha mbele ya baba yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, nilikwambia si mimi." Maneno hayo yalinichoma. Nilimrudishia simu, nikamwomba atuchagulie nenosiri jipya. Alichagua maneno manne yasiyohusiana hata kidogo, tukacheka wote.

Mama mwenzangu, kifurushi kikiisha mapema, angalia kwanza orodha ya vifaa ndipo umkemee mtoto. Kubadili nenosiri ni kazi ya dakika chache. Kurudisha imani ya mtoto huchukua muda mrefu zaidi.