Basi la Mwanao Si Hisani

Mimi ni matroni wa basi la shule hapa Ohio, Marekani. Basi letu ni fupi, lina lifti ubavuni, na abiria wake wote ni wanafunzi wenye ulemavu. Baadhi yao wanatoka familia za Wakongo zilizopitia kambi za wakimbizi Tanzania na Burundi, na nyumbani kwao wanaongea Kiswahili. Wazazi hao ndio ninaowaandikia. Kila mwaka naona jambo lile lile: mzazi analipokea basi kama msaada wa wasamaria wema, na kwa kuwa anaona amesaidiwa, anaogopa kusema pale linapomtesa mwanawe.

Basi hilo ni haki. Tangu mwaka 1975 ipo sheria ya shirikisho, ambayo leo inaitwa IDEA, inayozitaka shule za umma zimpe mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa bila malipo. Usafiri umetajwa ndani yake: kwenda shule na kurudi, kutoka shule moja hadi nyingine, hata kuzunguka ndani ya majengo ya shule, pamoja na vifaa kama lifti na rampu. Ikiwa mtoto anauhitaji ili aipate elimu yake, shule inautoa na mzazi halipi hata senti.

Lakini sisi tulio ndani ya basi tunafuata kilichoandikwa kwenye mpango wa elimu wa mtoto, ule unaoitwa IEP. Mpango huo hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na mzazi ni mjumbe kamili wa kikao. Kisipoandikwa kitu, mtoto anapangiwa kama wengine.

Namkumbuka mama mmoja ambaye kituo cha mwanawe kiliwekwa kwenye kona ya barabara. Theluji ilipofunika njia, alimbeba kijana mgongoni hadi konani, akamwachia jirani, kisha akarudi kukiburuta kiti mwendo. Nilimuuliza kwa nini hajawaambia shuleni. "Dada yangu, wakikasirika wakaliondoa basi, mimi nitafanyaje?" Nikamshauri aandike barua kuomba kikao, asingoje kile cha mwaka, na aombe mkalimani wa Kiswahili, ambaye gharama yake ni ya shule. Kikaoni ikaandikwa kwamba mtoto achukuliwe na kurudishwa mlangoni kwao. Basi likaanza kusimama mlangoni.

Usalama nao ni sehemu ya haki hiyo. Ninapompandisha mtoto, kiti chake nakielekeza mbele na kufunga breki. Mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, naikamatisha kwenye fremu ya kiti, kamwe si kwenye magurudumu wala sehemu inayochomoka. Nakitikisa kiti nione kama kinacheza. Kisha namfunga mtoto mwenyewe, mkanda mmoja nyongani na mwingine begani, maana ile minne inashika kiti tu, haimshiki yeye. Kazi hii haitaki haraka. Ratiba iliyobana mno inamweka mtoto hatarini, na mzazi ana haki ya kuihoji.

Jueni pia kuhusu adhabu. Ikiwa usafiri umo kwenye mpango wa mtoto, kisha akazuiwa kupanda basi bila kupewa usafiri mwingine, siku hizo zinahesabiwa kuwa amesimamishwa shule. Zikizidi 10 mfululizo, shule lazima ikae na mzazi ichunguze kama kosa lilitokana na ulemavu wake. Nimeona watoto wakibaki nyumbani kwa sababu walipiga kelele ndani ya basi, na wazazi wakaona aibu badala ya kuuliza.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kwenye kikao kijacho uliza: mwanangu atachukuliwa wapi? Atakaa njiani muda gani? Nani atakuwa naye, na akipata kifafa au akikosa pumzi, huyo mtu anajua la kufanya? Majibu yaandikwe. Wakikataa, dai sababu zao kwa maandishi. Unaweza kulalamika kwa idara ya elimu ya jimbo au kuomba shauri lisikilizwe na mtu asiyeegemea upande. Yakiandikwa, hata sisi wa ndani ya basi tunapata nguvu ya kumtetea mwanao, kwa sababu tunadai kilichokwisha kukubaliwa.