Tandiko la Farasi Mchanga

Mtu apitaye njiani akamwona farasi anakwenda mbio, shingo imeinama na mkia umeinuka, aghalabu humsifu farasi, au humsifu mpandaji. Ni nadra kumsikia mtu akilisifu tandiko. Lakini baina ya viumbe hawa wawili, mmoja wa miguu minne na mwingine wa miguu miwili, hapana kitu kingine ila mbao, ngozi na manyoya ya kondoo. Na kitu hicho kikiwa kibaya, nguvu za yule na ustadi wa huyu haviwezi kuwafaa. Mimi ni mwalimu, si mpanda farasi, wala sidai ujuzi nisiokuwa nao. Haya niyaandikayo niliyapata kwa mjomba wangu, aliyekuwa saisi katika mashamba ya upande wa Naivasha kwa zaidi ya miaka 30, nami nikimtembelea karibu kila likizo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu.

Nchini mwetu farasi si wengi. Mbung'o katika mabonde, na yale maradhi makali ya farasi yaenezwayo na usubi, yaliwazuia wasienee. Huko pwani mnyama wa kazi alikuwa punda, na katika vichochoro vya Lamu angali akichukua mawe, mchanga na mboriti hata leo, akiwa na shogi ya ukili mgongoni. Punda ndiye aliyetupa methali isemayo, "Punda afe, mzigo ufike." Nimeisikia ikitamkwa kwa kicheko mara nyingi, na kila mara sikucheka. Mjomba alikuwa akisema kwamba mtu aliyelelewa kwa methali hiyo asipewe farasi, wala punda pia.

Farasi wa miaka mitatu, umri ambao wengi huanza kufunzwa kubeba mtu, huonekana kama amekwisha kukua. Kimo anacho, na mbio anazo. Lakini ndani yake ujenzi haujaisha. Mifupa ya miguu hutangulia kukomaa, na ile ya uti wa mgongo ndiyo ya mwisho. Haimalizi mpaka amepita miaka mitano. Tena mwili wake haukui kwa usawa: mara matako huinuka kuliko mabega, mara mabega yakayafuata, mfano wa kijana wa shule ambaye mikono ya shati humfupikia katika muhula mmoja. Matako yakiwa juu, tandiko huteleza mbele likayakalia mabega. Na bega la farasi si mahali pa kukaliwa, kwa maana kila anyooshapo mguu wa mbele, ncha ya juu ya mfupa wa bega hurudi nyuma chini ya ngozi. Ncha hiyo ikikutana na ubao, farasi hufupisha hatua zake, na watu wakamwita mvivu.

Huo ni upande wa mbele. Kwa nyuma upo mpaka mwingine. Farasi ana mbavu 18 kila upande, na sehemu ya mgongo iliyo juu ya mbavu ndiyo iwezayo kuhimili uzito. Nyuma ya ubavu wa mwisho ni kiuno, ambacho hakina mbavu za kukitegemeza. Tandiko lililomfaa farasi mzima kwa miaka 10 laweza kuuvuka mpaka huo likiwekwa juu ya mgongo mfupi wa mchanga. Mnyama aumiaye hana ulimi wa kueleza. Husema kwa masikio, kwa meno na kwa mateke. Akisema mara mbili tatu huitwa mkorofi, na mkorofi huuzwa, na akisha kuuzwa mara ya pili hapana ajuaye mwisho wake.

Mwaka 2019 mwenye shamba alileta farasi jike mchanga, rangi ya kahawia, akataka afunzwe ili bintiye wa miaka 14 ampande. Katika chumba cha hatamu yalikuwamo matandiko matatu. La kwanza lilikuwa la baba yake mwenye shamba: ngozi nyeusi iliyong'aa kwa mafuta ya miaka mingi, misumari ya shaba, na uzito wa kumchosha mtu kulibeba kutoka chumbani hadi uani. Hilo ndilo alilolitaka. La pili lilikuwa na kikao laini, kirefu kwenda chini, kama kiti cha sebuleni. La tatu lilikuwa limechubuka, jepesi, halina pambo lolote. Lakini upinde wake wa mbele wa chuma uliweza kufunguliwa na kubadilishwa kwa mwingine mpana zaidi.

Mjomba aliyaweka yote matatu juu ya mgongo mtupu, moja baada ya moja, pasipo blanketi. Hiyo ndiyo kanuni yake ya kwanza, nami naiona kuwa ya haki: blanketi huficha, na mnunuzi hataki kufichwa. La pili hakulifikisha hata mgongoni mara ya pili. Alilipindua, akalishika mbele na nyuma, akalikunja kidogo juu ya paja lake. Likaguna, likapinda katikati. Kiunzi chake kilikuwa kimevunjika ndani, na ngozi nzuri ya nje haikusema neno.

Likabaki lile la urithi. "Bwana," mjomba akasema, "hili ni zuri, nami nimelipaka mafuta miaka mingi. Lakini kiunzi chake ni chembamba kwa huyu. Litambana hapa, na hapa."

"Weka blanketi mbili chini yake," mwenye shamba akajibu, "litakaa vizuri."

"Kiatu kinachobana, Bwana, ukikivalia soksi mbili kitazidi kubana."

Palikuwa kimya. Msomaji akumbuke kwamba mjomba alikuwa mtu wa kuajiriwa, aliyebakiza miaka miwili tu apate kiinua mgongo chake, na lililokataliwa lilikuwa tandiko la marehemu. Hakuongeza hoja. Alimwomba tu yule bwana apitishe mkono wake chini ya upinde wa mbele, mpaka penye bega, kisha akamwongoza farasi hatua tatu. Mwenye shamba aliuchomoa mkono wake upesi, akavitazama vidole. Kisha akalichukua tandiko la baba yake mwenyewe, bila kumwita mtu wa kumsaidia, akalirudisha kwenye mti wake ukutani.

La tatu ndilo lililopimwa kwa makini, nami nikapewa kazi iliyonifaa mwalimu. Mjomba alilaza waya laini juu ya mabega ya farasi, vidole vitatu nyuma ya mfupa wa bega, akaukandamiza ukashika umbo. Mimi nikaufuatisha kwa kalamu juu ya karatasi na kuandika tarehe. Upinde mpana ukachaguliwa kwa mstari huo. Mfereji wa katikati, upitao juu ya uti wa mgongo, ulipitisha vidole vinne toka mbele hata nyuma. Tandiko lote halikuzidi kilo 6. Wengi wa wajuzi hushauri kwamba mtu na tandiko pamoja wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi mzima mwenye afya. Kwa mchanga, mjomba alitaka wapungue sana chini ya hapo, na binti yule alikuwa mwembamba.

Kumzoeza sitakueleza kwa urefu. Kwanza blanketi peke yake, kisha mkanda wa tumbo, kisha tandiko bila vikuku vya miguu ili visimpige ubavuni akaogopa. Mkanda hukazwa tundu moja, farasi akatembezwa, ukakazwa tundu jingine. Akibanwa ghafula siku ya kwanza atalikumbuka jambo hilo umri wake wote. Saisi kijana alilala kifudifudi juu ya mgongo kwa siku kadhaa kabla ya kuthubutu kukaa.

Kila baada ya kazi mjomba aliondoa tandiko na kulisoma jasho. Palipolowa pande zote mbili kwa usawa alitikisa kichwa kwa ridhaa. Doa kavu katikati ya jasho lilimtia wasiwasi, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo uzito unapokandamiza kupita kiasi, na baada ya miezi huweza kuota nywele nyeupe zisizoondoka tena. Farasi wengi wazee wanazo. Alinionyesha mmoja malishoni, na nywele hizo zilikuwa mahali pale pale penye upinde wa lile tandiko la misumari ya shaba.

Mwezi wa nne tuliurudia waya. Mstari mpya haukulingana na ule wa kwanza: mabega yalikuwa yamepanda, na nyama ya mgongo imejaa. Mjomba aliiweka karatasi mbili pamoja mbele ya mwanga wa dirisha, akazitazama kitambo. Kisha akalipindua tandiko, akafumua mshono wa mto wa chini, akatoa manyoya kidogo mbele, akaongeza kidogo nyuma, akashona upya. Karatasi akanirudishia, akisema, "Zitunze, mpwa wangu. Ukija likizo ijayo tutachora ya tatu."